Chombo kidogo si lazima kizame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba serikali ipige marufuku chombo chochote cha uvuvi kilicho chini ya mita saba katika Ziwa Tanganyika, kwa sababu eti "mitumbwi midogo ni majeneza". Hakusema anaishi wapi. Kwa jinsi alivyoandika, nadhani ziwa huwa analiona akiwa juu ya lami. Mimi naliona kutoka mlangoni kwangu hapa Bangwe, na hivi sasa bandani kwangu kuna michoro ya kayaki, chombo cha kafi cha mita 4.75, cha mtu mmoja, ambacho nakusudia kwenda nacho kuvua migebuka huko kwenye kina. Kwa sheria anayoitaka yeye, nitakuwa mhalifu kabla sijapiga randa ubao wa kwanza.

Nina miaka 61. Ni seremala, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kwenye mabehewa ya reli, kurekebisha sakafu, milango na viti ambavyo abiria walivikata kwa visu wakipita Malagarasi usiku, wamechoka kukaa. Kuvua nilianza kabla ya useremala. Mtu wa Kigoma akikuambia hajui kushika mshipi, muulize amehamia lini.

Sikatai kwamba watu wanakufa ziwani. Nina shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye mwaka juzi alitoka Katonga usiku na mwenzake kwa mtumbwi wa mbao, wakiwa na nyavu, taa na mashine ndogo. Wimbi la kwanza liliingia kwa ubavuni. Wakakumba maji kwa kopo, wakacheka. La pili liliingia kabla la kwanza halijaisha kutoka. Mtumbwi haukwenda chini, maana ni mti, lakini ulilala usawa wa maji kama ng'ombe anayeoga, na kila walipojaribu kuupanda uligeuka. Mwenzake alishika ubao. Shemeji alishika dumu tupu la lita 20, lile la mafuta ya kula ambalo walikuwa wamelibebea petroli ya akiba na petroli imekwisha. Alipita nalo usiku mzima mpaka kipe kimoja, chombo cha wavuvi, kilichokuwa kinarudi Kibirizi kikawaona alfajiri. Vidole vilikataa kufunguka. Ilibidi wakate mpini wa dumu kwa kisu ndipo wamvute ndani, na kile kipande cha mpini wa plastiki alifika nacho nyumbani kwetu bado kiko kiganjani.

Wengine walikaa na mgonjwa wakizungumza habari za Mungu na bahati. Mimi, Mwenyezi anisamehe, nilikuwa nafikiria lile dumu.

Dumu la lita 20 likiwa tupu na kifuniko kimekazwa linabeba karibu kilo 20 kabla halijakubali kuzama. Na mtu aliyeko majini hahitaji kubebwa mwili mzima. Anahitaji pua ibaki juu. Kwa hiyo kilichomwokoa shemeji ni hewa iliyofungiwa, ya bei ya dumu kuukuu. Mtumbwi wao ulikuwa wa mita sita na nusu. Ungekuwa wa mita nane bila hewa iliyofungiwa popote, wimbi la pili lingeingia vilevile, tofauti ni kwamba wangekuwa watu watano wanaogombea dumu moja. Ndugu mwandishi wa ile barua amepima urefu, na urefu hauhusiki. Chombo kinaua kikijaa maji na kukosa mahali pa kubakiza hewa.

Basi hapo ndipo wazo la kayaki liliponiingia. Nilikuwa nimeziona zamani, za plastiki, wageni wakizunguka nazo kwenye ghuba wamevaa kofia, nikaziona ni vitu vya kuchezea. Baada ya usiku ule nilimwomba mjukuu wangu anitafutie kwenye simu zimetengenezwaje. Asili yake ni kwa watu wa Greenland na kaskazini kabisa ya Amerika, waliofunika kiunzi cha mbao au mifupa kwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini, na kwenda kuwinda baharini mtu mmoja mmoja. Bahari yao ni ya barafu, ukianguka unakufa kwa baridi kabla ya kufa kwa maji, ndiyo maana chombo chao kinamfunika mtu mpaka kiunoni. Sisi maji yetu ya juu yana nyuzi joto 24 mpaka 28. Hatuna haja ya kujifunika. Kwa hiyo nimechagua aina ya pili, ile ya kukaa juu: chini kote ni sanduku lililozibwa, juu kuna shimo la kukalia lisilo na kina, na maji yakiingia yanatoka yenyewe kwa matundu yaliyopita mpaka chini. Hakuna kopo. Hakuna kukumba.

Ila matundu hayo yana masharti. Ili maji yatoke, sakafu unayoikalia lazima iwe juu ya usawa wa maji ya nje, la sivyo ziwa linapanda kwa matundu yale yale na kukukalisha kwenye beseni. Nikafanya hesabu. Mimi kilo 74. Chombo chenyewe, nikikadiria mbao, gundi na rangi, kilo 38. Kafi, mishipi, maji ya kunywa, jaketi la kuokolea na makorokoro mengine, 15. Samaki, Mungu akijalia, 30. Jumla kilo 157. Lita moja ya maji ina kilo moja, maana yake chombo lazima kisukume pembeni lita 157 ndipo kielee. Kwa umbo nililochora, hiyo inakizamisha sentimita 12 hivi. Nikaweka sakafu sentimita 16 kutoka chini. Kutoka hapo kila kilo 22 za nyongeza zinanila sentimita moja, kwa hiyo najua mapema kabisa ni samaki wangapi watanifanya nikae kwenye maji. Waulize wenye mitumbwi mikubwa kama wanajua.

Ukiinua sakafu unainua pia makalio, na makalio yakipanda chombo kinapenda kupinduka. Hili sikulijua kwa hesabu, nililijua kwa beseni. Nilitengeneza kayaki ndogo ya karatasi ngumu ya boksi la sabuni, moja ya kumi ya ile halisi, nikaipaka nta ya mshumaa. Kitu ukikipunguza mara kumi kila upande, uzito unapungua mara elfu, kwa hiyo kilo 157 zikawa gramu 157. Jirani yangu anayeuza iliki na karafuu alinipimia mchanga kwenye mizani yake ndogo, akaniuliza kama nimeanza uganga. Nikafinyanga mtu wa udongo, nikamkalisha. Ile ya kwanza niliipa upana wa sentimita sita, yaani sentimita 60 kwa halisi, kwa kuwa nilitaka mbio. Mtu wa udongo alikaa sekunde mbili. Mjukuu akapiga kelele, "Babu, umezama!" na mama yake akatoka jikoni mbio akidhani ni kweli.

Ya nne ina sentimita 7.8. Nikiilaza kwa kidole inainuka. Nimeishia hapo, sentimita 78.

Urefu sikuuchagua mimi, umechaguliwa na plaiwudi. Karatasi ya plaiwudi ina mita 2.44. Ukiunga mbili kichwa kwa kichwa kwa kiungo cha mshazari, ambacho kwa unene wa milimita 6 kinakula karibu sentimita tano, unabaki na mita 4.83. Ukizikunja ziwe na tumbo na ncha, zinapungua tena kidogo. Ningetaka mita tano na nusu ningehitaji karatasi ya tatu kila upande kwa ajili ya kipande kisichofika hata mita moja, na mimi si mtu wa kutupa plaiwudi. Ndani naweka kuta tatu, chombo kinakuwa na vyumba vinne visivyopitishana hewa. Kikigonga jiwe pale chini ya mlima wa Bangwe na viwili vikajaa, viwili vilivyobaki vina zaidi ya lita 200, na mimi, chombo na mzigo wote ni kilo 157. Kila chumba kitakuwa na kizibo cha kufungua nikifika nchi kavu, maana hewa iliyofungiwa ikipigwa na jua la saa nane inatanuka na kuachanisha viungo.

Sasa niseme kuhusu mbao, maana hapa ndipo tunapodanganyana. Plaiwudi nyingi inayouzwa hapa mjini ni ya dari na makabati. Muuzaji ataapa kwamba haiogopi maji. Mimi nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja kutoka maduka matatu, nikaviweka alama, nikavichemsha kwenye sufuria kuanzia magharibi mpaka usiku wa manane, nikaviacha vipoe, nikavichemsha tena asubuhi. Kipande cha duka la kwanza kilifunguka tabaka kwa tabaka kama daftari lililonyeshewa. Cha pili kilivimba katikati. Cha tatu, kilichokuwa ghali, kilibaki kigumu, nikakipiga nyundo ukingoni na gundi haikuachia. Sufuria lenyewe lilikuwa la ubwabwa, na harufu ya gundi haijatoka mpaka leo, nimeshanunua jingine ili niruhusiwe kula. Ipo plaiwudi ya majini yenye kipimo kinachojulikana dunia nzima kama BS 1088, gundi yake inavumilia maji ya moto, na hairuhusiwi kuwa na mapengo kwenye matabaka ya ndani. Nimeagiza karatasi tano kutoka Dar es Salaam. Zinakuja kwa njia ile ile iliyoleta meli ya Liemba, ambayo nayo ilikuja kutoka Ujerumani vipande vipande kwenye masanduku, ikaungwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mji huu haupaswi kushangaa chombo kilichofika kwa treni.

Kuunga kwake hakuna misumari. Unakata mbao kwa mchoro, unatoboa matundu madogo ukingoni kila baada ya sentimita kumi, unapitisha vipande vya waya wa shaba na kuvisokota kwa koleo mpaka kingo zibusiane. Chombo kinainuka chenyewe kutoka kwenye mbao bapa, ukiwa umesimama unakitazama. Ndani ya pembe unajaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, unalaza utepe wa faiba juu yake, ikikauka unakata waya. Mafundi wenzangu wananicheka kwamba nashona chombo kama cherehani. Nawakumbusha kwamba watu wa pwani, Lamu huko, walishona mitepe kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na walikwenda nayo baharini.

Na epoksi ina hasira. Nilinunua kopo dogo la kujaribia, nikachanganya lote kwenye kikombe cha plastiki kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona. Baada ya dakika kumi kikombe kikawa cha moto. Baada ya nyingine chache kikaanza kufuka moshi na kukunjamana mkononi, nikakitupa uani na kuku wakatawanyika. Gundi ile inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja, tena kwa joto letu hili, inajichemsha yenyewe. Sasa najua: changanya kidogo, mimina kwenye sinia pana itawanyike, fanya kazi asubuhi. Kopo lile lilikuwa na bei ya mbuzi. Somo nimelilipia, wengine walichukue bure.

Chombo kikishakauka kinapakwa rangi, kwa kuwa jua linaila epoksi, na yangu itakuwa ya machungwa, ile kali inayoumiza macho. Mke wangu anasema ni rangi ya gari la takataka. Lakini mtu aliyekaa kwenye kayaki kichwa chake hakifiki mita moja juu ya maji, na boti za abiria zinazokwenda vijiji vya Gombe na Kagunga haziendi polepole. Nitaweka pia bendera kwenye ufito na taa ndogo ya sola.

Niliona niende kuuliza utaratibu wa usajili mapema, nisije nikatengeneza kitu nikanyang'anywa ufukweni. Nilikwenda mahali fulani, sipataji, nikiwa na michoro yangu imekunjwa kwenye gazeti. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, shikamoo mzee, karibu mzee, akachukua fomu.

"Aina ya chombo?"

"Kayaki."

Akatazama fomu upande wa mbele, akaigeuza upande wa nyuma. "Hiyo haipo, mzee. Tuandike mtumbwi au boti?"

"Mtumbwi uko wazi ndani. Hiki kimezibwa."

"Basi boti. Mashine ya nguvu ngapi?"

"Haina mashine. Ni kafi."

"Basi mtumbwi." Akaandika mtumbwi. "Wavuvi wangapi?"

"Mimi."

"Na mwenzako?"

Nikamwambia hakuna mwenzangu, tukatazamana. Mwishoni alinishauri nitengeneze kwanza halafu nirudi nacho wakione. Simlaumu kijana. Fomu ndiyo inayomuuliza maswali, na hakuna mahali popote kwenye fomu ile panapouliza: chombo hiki kikijaa maji, kinabaki juu au kinakwenda chini? Panauliza urefu, upana, rangi. Ndiyo maana nasema ndugu yetu wa mita saba ataleta sheria rahisi kuandika kwenye fomu, na watu wataendelea kufa kwenye vyombo vya mita saba na nusu.

Wapo watakaosema, mzee, unakwenda mbali na kitoto cha chombo kama hicho, upepo je? Swali zuri, na sijalidharau. Ziwa hili likianza kuvuma upepo wa kusini, kati ya Mei na Septemba, chombo kisicho na nguvu kinasukumwa kuelekea Ubwari, na milima ya Kongo tunayoitazama kwa uzuri siku za hewa safi inakuwa karibu kuliko unavyopenda. Nanga haisaidii. Kina cha ziwa kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi, na hata hapa kwetu si mbali na ufuko kamba yangu ya mita 120 haijawahi kugusa kitu. Kwa hiyo badala ya nanga ya chuma nitabeba nanga ya kitambaa, mfuko wa turubai wenye mdomo mpana na tundu dogo nyuma, unafungwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo, na kutupwa majini. Unajaa maji na kuvuta, chombo kinageuza pua kulitazama wimbi na mwendo wa kupeperushwa unapungua sana. Nimeshaushona tayari, kwa uzi wa viatu.

Uzuri wa kina hicho ni kwamba sihitaji kwenda mbali. Ufuko wetu unadondoka kama ukuta. Na samaki wenyewe hawako chini huko: upande wetu wa kaskazini maji yenye hewa ya kupumua yanaishia mita mia moja hivi, chini yake ni giza lisilo na samaki. Mgebuka anafuata dagaa, na dagaa wanapanda juu usiku. Mimi nakusudia kutoka kabla ya jua, wakati upepo mwepesi unashuka kutoka milimani kwenda ziwani na kunisindikiza, nikokote mishipi miwili kwa mwendo wa kilomita nne au tano kwa saa, nisivuke kilomita tatu kutoka Bangwe, na kugeuza mapema ili upepo wa ziwani unirudishe. Anga likiwa jeusi upande wa magharibi, siku hiyo narekebisha viti vya watu. Miezi ya upepo wa kusini sitoki kabisa, na sehemu kubwa ya miezi hiyo wala sitakuwa na sababu, kwa kuwa tangu mwaka 2024 nchi zetu nne zimekubaliana kufunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Wengi walilalamika, na njaa ya kweli ilikuwapo. Kwa fundi, ni miezi mitatu ya kujenga.

Mlango wa mto Luiche sitausogelea, kule kuna mamba, na mamba hajali vyumba vinne.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili, moja kwa wakubwa na jingine kwako. Wakubwa, mnapokagua mitumbwi, ongezeni swali moja la hewa. Mtumbwi wa kawaida si lazima ugeuzwe kayaki. Fungeni madumu manne matupu chini ya viti, mawili mbele na mawili nyuma, kwa kamba nzuri na siyo kamba ya katani iliyooza, tayari mna karibu kilo 80 za kukataa kuzama. Nimeshamfungia shemeji kwenye mtumbwi wake mpya. Alisema yatamkera miguuni. Nikamwambia aeleze hivyo mbele ya dada yake.

Na kwako Mhariri: mwaka 1963 gazeti moja la Uingereza, Daily Mirror, lilidhamini mashua ndogo ya plaiwudi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijenga nyumbani, iliyoshonwa kwa waya wa shaba na kufungwa kwa utepe wa faiba, kama hivi ninavyofanya mimi. Mmoja wa waliobuni alikuwa fundi aliyewafundisha watu kazi za nyumbani kwenye televisheni, Barry Bucknell, mwenzake ni mchoraji wa mashua, Jack Holt. Zimejengwa zaidi ya 70,000. Ile ilikuwa mashua ya mita 3.3 tu, ndugu yangu wa mita saba. Gazeti likiweza kuchapa barua ya kupiga marufuku, linaweza pia kuchapa mchoro. Nitakuletea wangu nikishaujaribu, na vipimo vyote, bila malipo, ila msiufupishe kama mnavyofupisha barua, maana sentimita nne za sakafu mkizikata mtu atakaa kwenye maji.

Na namwalika yule ndugu aliyeandika. Kayaki ikikamilika, kabla sijavuka nayo hata mita mia, nitaipeleka kwenye maji ya kiunoni hapa Bangwe, nifungue vizibo vya vyumba viwili viingie maji mpaka vijae, niweke mifuko ya mchanga ya kilo 74 mahali pangu, halafu nimwachie yeye aisukume, aikalie, aipindue, afanye apendavyo mpaka atakapochoka. Watoto wa mtaa mzima watakuwepo, hilo siwezi kulizuia. Aje na nguo za kubadilisha.

Wako,
Seremala mstaafu,
Bangwe, Kigoma